Mama Pasi Ajifunza Kunywa Maji

Kiwanda cha kufulia nguo kilikuwa na chumba kimoja kibaya kuliko vyote. Nacho kilikuwa chumba cha pasi. Humo mlikuwa na wanawake kumi na mmoja, pasi kumi na moja, na dirisha moja lisilofunguka.

Mashuka ya hoteli na ya hospitali yaliingia asubuhi yakiwa na unyevu na mikunjo. Jioni yalitoka yamenyooka kama karatasi. Waliotoka wamekunjamana ni wanawake.

Mlangoni palibandikwa tangazo: NI MARUFUKU KUNYWA MAJI WAKATI WA KAZI. Anayekunywa maji huenda msalani, na anayekwenda msalani hapigi pasi. Ndivyo alivyowaza meneja. Tangazo lilibandikwa miaka kumi na tisa iliyopita, siku ya Jumanne. Mama Pasi, mmoja wa wale kumi na mmoja, aliikumbuka siku hiyo vizuri, kwa sababu siku hiyohiyo ofisi ya meneja iliingiziwa friji.

Mama Pasi hakusahau kitu. Alijua nani alizimia mwaka gani, na alianguka juu ya mashuka ya hoteli ipi. Na mwaka huu alipoanguka mwenzao wa saba, Mama Pasi alisimama kwenye mkutano wa wafanyakazi.

"Bwana meneja," alisema, "tunataka maji ya kunywa. Na viti."

Meneja alicheka mpaka tumbo likatikisika. "Ninyi hamna kiu, ninyi mna uvivu! Watu wanakimbia marathoni, kilometa arobaini na mbili, juani, na hawalii. Sikilizeni. Mmoja wenu akimaliza marathoni ya mji huu, kesho yake naleta mtungi wa maji na viti kumi na moja."

Watu wote wakacheka. Mama Pasi hakucheka.

"Andika," alisema.

"Niandike nini?"

"Hayo uliyosema. Utie sahihi."

Meneja akaandika kwa mbwembwe. Akapiga na muhuri juu. Mama Pasi akaikunja karatasi mara nne, mikunjo sawasawa, akaitia kifuani. Marathoni ilikuwa imebaki miezi minane.

Nyumbani, mumewe alipoisikia habari hiyo nusura akalie mkasi. Mumewe alikuwa kinyozi, na kinyozi hana siri.

"Mke wangu, wewe hata ukiitwa chakula hukimbii!"

"Safari hii nitakimbia."

"Una miaka arobaini na sita."

"Na wewe una kitambi. Nimewahi kukisema?"

Kinyozi alivuta shati likafunika kitambi. Lakini kesho yake, kila kichwa kilichonyolewa mtaani kilijua kwamba mke wa kinyozi anakwenda kukimbia marathoni.

Basi Mama Pasi akaanza mazoezi. Alifanya kama alivyozoea kufanya kazi. Chumba cha pasi kilikuwa na kiwango cha siku, na kiwango hakipungui, kinapanda tu. Kwa hiyo alikimbia kila siku bila kupumzika. Kila siku aliongeza kipande cha njia. Alikimbia kwa kasi, kama mtu anayefukuzwa. Na hakunywa hata tone la maji. Kiu kwake ilikuwa kitu cha kumeza tu. Alijisifu kwa hilo.

Wiki ya kwanza goti liliuma. Wiki ya pili ukucha wa kidole gumba ukawa mweusi. Akawa anashuka ngazi za nyumba yake kinyumenyume, ameshika ukuta. Binti yake alipouliza kulikoni, alijibu, "Nakagua ngazi."

Wiki ya tatu, Jumamosi, saa tano na nusu za mchana, jua lilikuwa utosini. Mama Pasi alifika mtaa wa pili. Kichwa kikawa kizito. Masikio yakavuma. Barabara ikaanza kupanda na kushuka.

Kwenye nyumba ya kona alikuwepo mwanamke mmoja mwembamba, mwenye kofia, amechuchumaa anasoma mita ya maji. Watu walimwita Msoma Mita. Alikuwa na miaka hamsini na tisa, na miguu kama ya korongo. Aliinua kichwa, akaona ajabu. Mwanamke amesimama mbele ya gari jeupe lililoegeshwa, anasugua boneti kwa kiganja, mbele, nyuma, mbele, nyuma.

"Dada! Unafanya nini na gari la watu?"

"Napiga pasi," alisema Mama Pasi, macho yamemtoka. "Shuka gumu hili. Mikunjo haitoki."

Msoma Mita hakucheka. Alimshika kwapani, akamvuta hadi kivulini, akamlaza. Alifungua bomba la nyumba ile, akamlowesha kichwa, shingo na kwapa. Akampepea kwa daftari lake la mita. Alikuwa tayari kuita gari la hospitali. Lakini baada ya muda mfupi macho ya Mama Pasi yakatulia, na akajua yuko wapi. Ndipo Msoma Mita akampa maji, funda moja moja.

"Ungechelewa kidogo tu kurudiwa na fahamu, sasa hivi ungekuwa hospitali," alisema. "Jua likimpanda mtu kichwani hivi, anaweza kufa. Umekunywa maji saa ngapi?"

"Jana jioni."

"Jana! Na mkojo wako una rangi gani?"

"Dada, ndiyo kwanza tumejuana!"

"Rangi gani?"

Mama Pasi akatazama pembeni. "Kama chai ya rangi."

"Inatakiwa iwe njano hafifu. Ikiwa kama chai, mwili umekauka. Nani alikufundisha kukimbia hivi?"

Hapo Mama Pasi akatoa karatasi yake kifuani, imelowa jasho. Akasimulia yote: tangazo, friji, mtungi, viti kumi na moja. Msoma Mita alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akainama, akachungulia chini ya gari.

"Unatafuta nini?"

"Meneja. Maana unapigania maji, halafu mwenyewe hunywi. Nikadhani yuko hapa karibu anakukataza."

Mama Pasi naye akachungulia chini ya gari. Miaka kumi na tisa alimchukia yule bwana, na kumbe alikuwa akikimbia naye, amembeba mgongoni, kitambi na muhuri wake.

Alilia kidogo. Kisha alikasirika. Hasira ilimfaa zaidi.

"Nifundishe," alisema.

"Jumatatu uende kliniki kwanza. Wakupime moyo na shinikizo la damu. Wakikuruhusu, upumzike wiki nzima. Halafu tutakimbia pamoja."

"Wiki nzima! Nitapoteza nguvu!"

"Misuli hujengeka ukipumzika, mdogo wangu. Wewe umekuwa ukibomoa tu."

Msoma Mita alikuwa mkimbiaji wa miaka ishirini. "Mbwa wa mitaa hii ndio walionianzisha," alisema. "Ukisoma mita nyumba mia kwa siku, utakimbia, upende usipende."

Walianza alfajiri moja yenye ubaridi. Walikimbia dakika mbili, wakatembea dakika moja. Mama Pasi aliona aibu. Bibi mmoja mwenye kikapu aliwapita.

"Dada, tumepitwa na kikapu!"

"Mwache aende. Unaweza kuzungumza?"

"Ninazungumza, si unanisikia?"

"Basi kasi ni hiyohiyo. Ukishindwa kuzungumza, umezidisha. Hebu niambie huyo meneja alifanya nini mwaka wa pili."

Akamwambia. Na mwaka wa tatu. Na wa nne. Msoma Mita alikuwa ameipata dawa: kumbukumbu za Mama Pasi zilikuwa ndefu kuliko barabara. Walikimbia siku tatu kwa wiki, mara nyingine nne. Siku nyingine walipumzika. Jumapili ilikuwa siku ya safari ndefu, nayo waliirefusha polepole, na kila baada ya wiki tatu waliipunguza ili mwili upumue. Mama Pasi alinunua viatu vyenye nafasi mbele, ukucha ukapona. Kabla ya safari ndefu alikula mkate na ndizi. Chupa ya maji ilining'inia kiunoni.

"Kunywa kidogo kidogo, kila usikiapo kiu," alisema Msoma Mita. "Lakini usijijaze kama pipa. Maji mengi mno kwa pamoja nayo ni hatari."

Mwanzoni Mama Pasi aligeuka nyuma kila alipokunywa, kama mwizi. Msoma Mita alimpigia makofi. "Hongera! Hajakuona mtu! Funda lingine!"

Mwezi wa saba wa mazoezi walimaliza kilometa thelathini. Siku hiyo Mama Pasi alishuka ngazi zake kwa mbele. Kinyozi alipoona, aliacha kutania.

Siku ya marathoni wakaondoka saa kumi na mbili asubuhi. Lango la mwisho lingefungwa saa saba mchana. Ukichelewa, hukumaliza. Vijana walifyatuka kama risasi. Mama Pasi na Msoma Mita wakabaki nyuma, wanasimulia mwaka wa tano. Kwenye kila meza ya maji walikunywa. Kilometa ya ishirini na tano walianza kuwapita wale vijana, wamekaa ukingoni wanashika mapaja.

Kilometa ya thelathini na sita, miguu ya Mama Pasi ikawa mawe.

"Siwezi, dada."

"Unaona kizunguzungu? Unajua tuko wapi?"

"Najua. Tuko mbali! Kichwa ni kizima, miguu ndiyo imegoma."

"Basi tembea mpaka kwenye nguzo ile. Tumefika mwaka gani?"

"Wa kumi na nne," alihema. "Mwaka wa... mwaka ambao alitukata mshahara wa siku ya mazishi ya mama yangu."

Mama Pasi alifika kwenye nguzo. Akaanza kukimbia mwenyewe.

Karibu na lango alisimama kinyozi, taulo begani, wembe mkononi, anapiga kelele. Kando yake alisimama mteja wake, nusu ya kichwa imenyolewa, nusu bado. "Kimbia, mama, nikanyolewe!" alilia yule mteja. Mama Pasi aliingia langoni zikiwa zimebaki dakika nne.

Jumatatu aliingia ofisini, medali shingoni, karatasi mkononi. Meneja alicheka kidogo. "Ule ulikuwa mzaha, mama."

"Muhuri nao ulikuwa mzaha?"

Akatoka, akarudi chumbani. Akasimamisha pasi yake wima, akachomoa waya. Kumi wengine wakachomoa. Mashuka ya hoteli tatu yakalala kwenye makapu. Hoteli zikaanza kupiga simu. Kabla ya saa sita mtungi wa maji uliingia, na viti kumi na moja nyuma yake. Mama Pasi mwenyewe alilibandua tangazo.

Lakini hakuna aliyekunywa. Walisimama wanautazama mtungi, kama mgeni asiyeeleweka.

"Kunyweni," alisema Mama Pasi. "Kidogo kidogo. Na mkihisi haja, nendeni msalani."

Wakanywa. Tangu siku hiyo msimu wote wa joto ulipita na hakuna aliyeanguka chini. Mashuka yalinyooka vilevile.

Lakini siku ile ya kwanza, baada ya saa moja, mmoja wao alitoka kwenda msalani, nje uani. Alikuwa yule aliyezimia wa saba. Alirudi baada ya dakika tatu. Wenzake wakamzunguka kana kwamba ametoka ng'ambo.

"Vipi huko?"

"Jamani," alisema, "mchana nje kuna upepo!"

Wakapanga foleni.