Mume Wangu Alisema Mdogo Wangu Hakufunga Mkanda

"Hakuwa amefunga mkanda."

Maneno hayo aliyasema mume wangu, jamani. Mume wangu wa ndoa! Mbele ya afisa wa bima, mbele yangu, mbele ya mdogo wangu aliyekuwa kwenye kiti cha magurudumu...



Ngojeni niwaeleze. Mume wangu ni dereva wa teksi. Siku ile alikuwa anampeleka mdogo wangu kwenye usaili wa kazi. Lori likawagonga kwenye makutano. Kosa la lori, polisi wenyewe walisema. Mdogo wangu akarushwa nje kupitia kioo cha mbele, akaumia uti wa mgongo. Fidia ya bima ya lori ndiyo ingelipia upasuaji wa pili, ule ambao daktari alisema ungeweza kumsimamisha tena.

Afisa akaweka kalamu chini.

"Una uhakika?"

"Ninao."

"Basi na yeye ana sehemu ya lawama. Fidia itapunguzwa, tena sana."

Upasuaji ndiyo kwaheri!

Mdogo wangu hakubisha. Hakumbuki chochote cha siku ile. Aliinamisha kichwa tu.

"Nisameheni. Sijui nilikuwa nawaza nini."

Anatuomba msamaha sisi!

Tulipofika nyumbani nikamvaa mume wangu jikoni.

"Yule mtoto hajawahi kupanda gari bila kufunga mkanda! Wenye lori wamekupa nini?"

"Hawajanipa kitu, mke wangu."

"Umehongwa wewe!"

"Punguza sauti, atasikia."

"Asikie! Ajue shemeji yake ni nani!"

Akakaa. Akaanza kulia. Miaka tisa ya ndoa, sijawahi kumwona akilia.

"Alifunga. Nilimwona kwa macho yangu. Mkanda ulikatika."

"Mkanda wa gari unakatikaje?"

"Ulikatikia pale pale ulipoushona..."

Mungu wangu!

Wasomaji wangu, mimi ni fundi cherehani. Mwezi mmoja kabla ya ajali, mkanda wa kile kiti ulichanika. Mpya tukaona ghali, na ukaguzi wa gari ulikuwa kesho yake. Nikamwambia, "Lete hapa, kazi ya dakika tano hiyo." Nikaushona kwa uzi wa jinzi, nikaupiga na pasi kabisa. Mkaguzi akapitisha. Tulicheka siku ile!

"Ningesema alifunga, wangeuliza umekatikia wapi," alisema. "Wangefika kwako. Nikaona bora lawama imwendee asiyekumbuka."

Nikaenda chumbani kwa mdogo wangu.

"Dada, usigombane na shemeji kwa ajili yangu. Uzembe ni wangu."

Nikapiga magoti, nikamwambia yote.

"Kwa hiyo nilifunga?"

"Ulifunga, mdogo wangu."

"Miezi mitano najiuliza, na leo nikajichukia, dada... kumbe nilifunga."

Alilia kwa sauti. Nilipotaka kumkumbatia, akausukuma mkono wangu.

Kesho yake nilienda kwa afisa wa bima, nikaandika maelezo yote, nikatia saini. Kesi ya fidia imefunguliwa upya, na mimi nimo ndani yake kwa ule mshono. Mdogo wangu amehamia kwa shangazi. Simu zangu hapokei.

Ndugu zangu, mkanda wa gari ukichanika usiushone. Weka mpya, au kiti hicho kisikaliwe na mtu. Na ukikosea, sema mapema, kabla mwenzio hajaanza kuomba msamaha kwa kosa lako.