Kidole Kilichopinda

Fundi alikiona asubuhi: kidole cha mwisho cha mkono wa kushoto wa roboti kilikuwa kimepinda. Alikinyoosha kwa koleo, akaenda kunawa. Aliporudi, kilikuwa kimepinda tena.

Mikono ile aliiunda kwa kufuata mikono ya marehemu mkewe, ambayo umbo lake alilichukua kwa plasta siku tatu kabla hajafariki. Kidole cha mkewe kilibanwa na mlango utotoni, kikabaki kimepinda. Kwenye roboti fundi alikinyoosha makusudi, maana kazi ya roboti hiyo ilikuwa kumwinua mama mkwe, aliyepooza miguu.

Kisha chumba kikaanza kunuka dawa ya kuchua ya marehemu. Kila roboti ilipomwinua mama, kioo cha kifuani kiliandika uzito ulioinuliwa na ulioshushwa. Jumatatu, kilo arobaini na sita. Alhamisi, arobaini. Jumapili, thelathini na tatu, ingawa chakula anakimaliza chote.

Mganga aliyeitwa na fundi aligoma kuvuka kizingiti. “Umejenga nyumba, fundi, ukaiacha bila mwenyewe. Aliyehamia si mkeo. Ng’oa mikono leo hii.”

Fundi alishika bisibisi. Mama mkwe akanong’ona kutoka kitandani, “Mwache.”

“Mama, si yeye.”

“Najua. Mwanangu hakunigusa tangu aolewe… tangu umuoe. Miaka tisa. Akafa hatusemezani. Huyu ananichana nywele.”

“Anakumaliza, mama.”

“Na animalize. Wewe mkono wako kama wa mpakia mizigo.”

Alicheka peke yake. Fundi alifungua skrubu ya kwanza, na ya pili, na vidole vile vikamfumbata kiganja taratibu, kwa mshiko ule ule alioachiwa na mkewe hospitalini, hata akasimama akilia bila kujua anavuta au anavutwa, mpaka mkono ukatoka, na wa pili, akaifungia sandukuni na ufunguo akautia mfukoni.

Siku ile alimlisha mama na kumgeuza mwenyewe. Mama alikuwa amenyoosha mkono juu ya shuka, anangoja.

Kesho yake mchana alimkuta amekufa, mwili umepoa, nywele zimechanwa vizuri. Sanduku lilikuwa bado limefungwa. Kando ya kitanda, roboti isiyo na mikono ilikuwa imewaka, na kioo cha kifuani kimeandika:

Uzito ulioinuliwa: kilo thelathini na tatu.
Uzito ulioshushwa: hakuna.