Mpini wa Mzee Kirumbi

Enzi zile Wapare wa milimani walipokuwa wakivaa ngozi na kupigana kwa mkuki na ngao, maadui kutoka nyikani walilizingira boma la mtawala wao, Mfumwa Mashika. Hawakujisumbua na ukuta. Waliteka ndiva, bwawa la juu lililolisha mfereji wa boma, wakakifunga kizibo chake kwa kamba za ngozi ya nyati, wakaketi kusubiri watu wafe kiu.

Siku ya sita Nakijwa alimwambia mumewe, Sefue, kwamba maziwa yamemkaukia. Mtoto wao alikuwa wa miezi minne, na sauti ya kilio chake ilikuwa imeanza kufifia. Sefue aliingiwa na hofu ambayo hakuna mkuki uliowahi kumtia.

Kesho yake ilikuwa zamu yake kupanda ndivani kuzikata kamba zile. Aliyemtangulia, Kiondo, alifika hadi kwenye kizibo, kisu kikamponyoka topeni, akauawa akikipapasa. Mpini ulikuwa mwembamba, tena laini mno. Lakini visu vyote vya vita vilifuliwa na mzee Kirumbi, na kila mpini ulikuwa na alama ya ukoo wake. Kuiharibu alama hiyo ni kumtukana mhunzi, na aliyemtukana hakuruhusiwa kwenda vitani mpaka asamehewe.

Siku ileile Sefue aliupasua mpini wa kisu chake barazani kwake, mchana kweupe. Akachonga mwingine wa mzeituni mwitu, mnene, wa kujaa kiganjani. Nakijwa akalizungushia bapa magome mabichi ya mgomba ili moto usiulainishe ukali wake, naye Sefue akaupasha mkia wa kisu hadi ukawa mwekundu, akauzamisha ndani ya mti. Juu yake wakashona ngozi mbichi ya mbuzi, ikauke na kubana. Akaweka kitanzi cha mkononi, akalipaka bapa masizi lisimetemete, kisha akachukua tindo kuchonga meno mgongoni mwa kisu.

Mlio wa tindo ndio uliomleta mzee Kirumbi. Aliviona vipande vya mpini chini, akakiokota kile chenye alama yake. Kiondo alikuwa mpwa wake.

“Nani amekuruhusu?”

“Hakuna, baba. Ningekuomba, ungekubali?”

“Nisingekubali.”

Mzee akajipaka mafuta viganjani, akakishika kisu kwa mpini, akamwambia Sefue alifunge tena bapa magome na kulivuta. Sefue akavuta kwa nguvu zake zote. Hakikumtoka mzee mkononi.

“Nenda,” mzee alisema, akimrudishia kisu. “Wewe nimekusamehe. Mimi sijui nani atanisamehe.”

Alfajiri ukungu ulifunika mlima. Sefue alitambaa hadi kizibo, maji baridi yakimfika kifuani. Kamba zilikuwa zimelowa na kuvimba. Makali yakateleza juu yake. Akageuza kisu, meno yakauma. Kamba ya kwanza ikakatika. Mkuki ukampasua bega, vidole vikafunguka, kisu kikaning'inia kwenye kitanzi. Akakidaka tena, akakata ya mwisho, na ndiva ikafumuka ikimsomba yeye na walinzi pamoja.

Masimulizi ya baadaye yalimsifu Mfumwa Mashika kwa ushindi huo, ingawa asubuhi ile alikuwa amelala. Maji yaliingia bomani mekundu kwa udongo. Nakijwa alikunywa akiwa amepiga magoti, akanywa tena. Jua lilipofika utosini, Sefue aliingia akichechemea, damu imemgandia mgongoni. Alimkuta mtoto ananyonya. Akaketi chini kando yao, akasikiliza jinsi anavyomeza.