Mgongo wa Baba

Kila asubuhi kabla ya kwenda shule, Chiriku alimpelekea baba yake chupa ya chai buchani. Alimkuta amevaa koti lake jeupe, ananoa kisu, nyama zinaning'inia kwenye ndoano nyuma yake. Jina la Chiriku hakupewa na wazazi wake. Alilipata mtaani kwa kupenda kuongea. Kutoka nyumbani hadi buchani alisalimiana na kila mtu, na alipofika alikuwa na habari zao wote.

"Mhasibu wangu huyo!" Baba alimwambia kila mteja. "Anamaliza sekondari mwaka huu. Akitoka chuo kikuu, mimi nakata nyama, yeye anapiga hesabu."

Wateja walicheka, na Chiriku naye alicheka, lakini moyoni alikuwa na lake. Uhasibu hakuutaka hata kidogo. Alitaka kuwa daktari wa mifugo. Hamu hiyo ilimwingia siku aliyokwenda machinjioni na Baba, akamwona daktari akipasua maini ya ng'ombe na kueleza ugonjwa uliokuwa ukimsumbua mnyama yule. Tangu hapo, kila mwisho wa wiki alikwenda kwa jirani yao mfugaji kumsaidia kunywesha ndama dawa.

Basi kwa nini asimwambie Baba? Msichana aliyeweza kumsemesha hata mtu aliyelala! Sababu ilikuwa ng'ombe mmoja. Mwaka uliopita, daktari wa machinjioni alikataa kuipigia muhuri nyama yote ya ng'ombe huyo wa Baba, na bila muhuri nyama haiuzwi. Baba alirudi nyumbani amefura kwa hasira. "Madaktari wa mifugo sitaki hata kuwasikia!" alifoka. Chiriku alilishika neno hilo na hakulisahau.

Shuleni, mambo ya maombi ya chuo yalikuwa mikononi mwa mwalimu wa ushauri. Wanafunzi walimwita Mama Tarehe, maana hata akikukuta kwenye foleni ya chakula alikukumbusha tarehe ya mwisho ya kutuma maombi. Alimsaidia kila mmoja kuchagua kozi na kujaza fomu kwenye kompyuta, lakini hakuna fomu iliyotumwa mpaka mzazi afike.

"Mzazi atakaa kwenye kiti hiki," alisema, "nawe utamwambia kwa mdomo wako unaomba kusomea nini. Ndipo tutume. Barua ya chuo ikifika nyumbani watu hawana habari, vita vyake huja kuamuliwa hapa kwangu, na mimi nimechoka kuamua vita!"

Wenzake walikuja na wazazi wao, wakatuma, wakaondoka wakichekelea. Fomu ya Chiriku ilibaki kwenye kompyuta, imejazwa udaktari wa mifugo, na tarehe ya mwisho ilikuwa kesho.

"Chiriku, mzazi wako yuko wapi?" Mama Tarehe aliuliza.

"Mwalimu, Baba anaumwa mgongo."

"Maskini! Hawezi kutembea?"

Hapo angenyamaza. Lakini Chiriku akianza kuongea, breki hana. "Kutembea? Hata kugeuka anageuzwa, Mwalimu! Uji anakunywa kwa mrija. Na Mama ndiye anayemuuguza, hatoki kitandani pake. Naomba tutume tu hivyo hivyo."

Mama Tarehe alishika shavu kwa huruma. Alifunga ofisi, akachukua mkoba wake. "Twende nikampe pole. Kama hawezi kuja kwangu, nitamfuata kitandani."

Lo! Chiriku alimfuata nyuma. Njia nzima hakusalimia mtu, na Mama Tarehe alidhani ni majonzi. Akanunua machungwa ya mgonjwa, akayatia kwenye mfuko. Chiriku alijaribu kupita njia ya nyuma ili wasifike buchani, lakini mwalimu alishakata kona ya barabara kubwa inayopita mbele ya bucha.

Gari la nyama lilikuwa limesimama mbele ya bucha. Mwanamume mmoja mwenye koti jeupe alikuwa akishuka na paja zima la ng'ombe mgongoni, anapiga mluzi.

"Mwanangu!" akaita. "Leo umeniletea mgeni?"

Mama Tarehe alimtazama mtu yule, akalitazama paja, kisha akamgeukia Chiriku. "Huyu ndiye baba?"

"Ndiye mimi," Baba alijibu, akalitua paja juu ya gogo. "Karibu, Mwalimu. Kuna nini?"

"Nilikuja kukupa pole ya mgongo."

"Mgongo wangu? Una nini?"

Machozi yalimtoka Chiriku pale pale. Alieleza yote, tangu machinjioni hadi uji wa mrija. Baba alimsikiliza huku akifuta mikono, na uso ulimshuka.

"Umenilaza kitandani nikiwa mzima, mwanangu? Kwani ungeniambia, ningekufanya nini?"

"Ulisema madaktari wa mifugo hutaki hata kuwasikia."

Baba alivuta kigoda akakaa. Alikuwa ameumia, ilionekana wazi.

"Ni kweli nilisema," alijibu taratibu. "Hasara ilinipanda kichwani. Nilipotulia, nikakumbuka kwamba maini yale yenye ugonjwa ningeyaleta nyumbani mkayala, maana nyinyi mnayapenda. Kesho yake nilimrudia daktari nikamshika mkono, nikamshukuru. Mlisikia hasira yangu tu. Shukrani sikuwaambia, na hapo nimekosa mimi."

Chiriku alipiga magoti. "Nisamehe, Baba. Nisamehe, Mwalimu."

"Inuka," alisema Baba. "Lakini mhasibu wangu je? Nimeshamtangaza mtaa mzima! Na ng'ombe wanapiga teke, unajua?"

"Najua, Baba. Hupaswi kumjia kwa nyuma. Unamjia ubavuni, unamsemesha, unamwekea mkono mgongoni ajue upo. Na ndama akiharisha, kwanza unaangalia macho kama yameingia ndani, halafu..." Akaendelea, machozi bado mashavuni. Alieleza kupe, kwato na homa, akamwonyesha Baba kwenye nyama iliyoning'inia pale daktari anapokagua na kwa nini. Mteja aliyekuja kununua mifupa alisahau mifupa yake, akabaki kusikiliza.

Baba alianza kutabasamu. "Ingekuwa uhasibu, asingesema hata nusu ya hayo. Haya, Mwalimu, kesho nakuja. Na hayo machungwa lete, mgonjwa si ni mimi?"

Wakacheka wote, hata Chiriku.

Kesho yake Baba alifika shuleni na koti lake jeupe limepigwa pasi. Alikaa kwenye kiti cha wazazi, na Chiriku akasimama mbele yake. "Baba, naomba kusomea udaktari wa mifugo," alisema. Kisha akabonyeza kitufe cha kompyuta, fomu ikatumwa.

"Ndiyo basi?" Baba alishangaa. "Nimelipiga koti pasi kwa jambo dogo hivyo?"

Mama Tarehe alicheka, kisha akamgeukia Chiriku. "Msichana wangu, ulimwogopa baba uliyemtunga mwenyewe kichwani, na huyu wa kweli ukamsingizia ugonjwa. Uongo wako ungekunyima baraka zake, na yeye ungemnyima furaha ya leo. Jambo zito lipeleke kwa wazazi wako mapema, tena kwa ukweli. Wakikataa, njoo tuzungumze nao pamoja. Usianze kwa kuwadanganya."

"Nimesikia, Mwalimu," Chiriku alijibu, na safari hii hakuongeza neno.

Miezi ikapita, barua ya chuo ikaja. Amekubaliwa! Siku hiyo Baba aliibandika ukutani buchani, karibu na mizani. Mteja wa mifupa alipoingia, aliuliza, "Mhasibu wetu hajambo?"

"Mhasibu gani? Huyu ni daktari," alisema Baba, akamshika Chiriku bega. "Siku moja atanikatalia ng'ombe wangu mwenyewe. Nitanuna siku nzima. Halafu nitamfuata nimshukuru, na safari hii nitasema kwa sauti, wasikie wote nyumbani."