Karatasi ya Kaki Katika Kikapu cha Maombi

Mimi ni fundi cherehani. Majoho yote ya kwaya ya kanisa letu nimeyashona mimi. Nashonea chumba cha mbele, karibu na dirisha, maana macho yangu siku hizi yanataka mwanga. Mume wangu ni seremala. Karakana yake iko nyuma ya nyumba, na nikisikia randa imenyamaza najua ana njaa.

Mtoto wetu ni mmoja tu, wa kiume. Watu wanamwita Kinanda, kwa sababu anapiga kinanda kanisani tangu akiwa na miaka kumi na miwili. Siku za kazi anatengeneza redio na simu kwenye meza yake kando ya barabara. Baba yake hamwiti Kinanda. Humwita "fundi mwenzangu," tangu siku mtoto alipoweza kushika nyundo.

Jumamosi moja nilikuwa napinda majoho. Kinanda akaingia, akakaa kwenye kigoda cha wateja.

"Mama, simamisha cherehani kidogo."

"Nina majoho sita hapa na kesho ni Jumapili. Wewe sema tu, masikio hayashoni."

"Simamisha, mama."

Nikasimamisha.

"Kila siku mnaniuliza nitaoa lini," akasema. "Sitaoa. Mimi sivutiwi na wasichana, mama. Navutiwa na wanaume. Najua hivyo tangu nilipobalehe. Nimefunga, nimeomba, nimelia. Haikuondoka. Nimechoka kukudanganya."

Nikamuuliza maswali ya kijinga. Nani amekufundisha? Umerogwa? Nilikukosea wapi? Akanijibu yote taratibu. Hakuna aliyemfundisha, na mimi sikumkosea.

"Baba yako anajua?"

"Bado. Nitamwambia mwenyewe, nipe muda. Nimeanza na wewe. Tafadhali usimwambie mtu."

"Sitamwambia mtu," nikasema.

Na haki ya Mungu sikuwa nadanganya. Upumbavu wangu uko hapo. Nilijiambia kwamba Mungu si mtu, basi Mungu ninaweza kumwambia.

Kanisani kwetu kuna kikapu karibu na mlango. Mwenye shida huiandika kwenye karatasi, bila jina, akaiweka kikapuni. Jumatano kundi la maombi hukutana. Karatasi husomwa kwa sauti, moja moja, kisha wote huomba. Mume wangu alipokatwa kidole na msumeno, niliandika. Hata mkanda wa cherehani ulipokatika niliandika, na watu wazima wakapiga magoti kwa ajili ya mkanda. Ndivyo tulivyozoea.

Basi Jumapili nikaandika: "Mwombeeni kijana wangu. Anavutiwa na wanaume wenzake. Mungu amsaidie." Sikuweka jina. Nikajiona mjanja kweli kweli.

Sasa niulizeni niliandika kwenye karatasi gani. Niliandika kwenye karatasi ya kaki, ile ninayokatia vipimo vya nguo! Upande wa pili kulikuwa na chaki yangu ya buluu na maneno "joho, urefu wa mkono." Kundi zima la maombi nimelipima kwa karatasi hizo. Na kijana wa kiume ninaye mmoja. Ningeshika kipaza sauti pale mbele nisingetangaza vizuri zaidi.

Alhamisi asubuhi mwalimu wa kwaya alifika kwenye meza ya Kinanda. "Leo usije mazoezini," akamwambia. "Watu wanasema maneno." Kabla ya saa sita wateja wawili walichukua redio zao, hazijatengenezwa. Alipokwenda kunywa maji, mtu akaandika tusi mezani kwa mkaa.

Alasiri mume wangu akaingia ndani na takataka za mbao kichwani. Mteja aliyekuja kuagiza mlango ndiye aliyempa habari. Kinanda alikuwa amesimama hapo hapo chumbani, anafuta mkaa mikononi.

"Ni kweli?"

"Ni kweli, baba. Nilitaka nikuambie mwenyewe."

"Yaani habari za nyumba yangu naletewa na mtu wa mlango? Toka! Sitaki kukuona hapa."

Kinanda hakubishana naye. Alinigeukia mimi.

"Mama, nilikuambia wewe. Sikukiambia kikapu."

Akachukua mfuko wake wa vifaa akaondoka. Nilibaki na futi ya kupimia shingoni. Sikusema "ngoja." Sikusema neno lolote, na hilo linaniuma kuliko mengine yote.

Ijumaa simu yake ilikuwa imezimwa. Jumamosi vile vile. Jumapili kinanda kilifunikwa kitambaa na kwaya iliimba bila sauti kushikamana. Mama mmoja akanishika mkono mlangoni. "Ah, dada yangu, mtoto umleavyo ndivyo akuavyo," akasema. Huyo nilimshonea nguo ya ndoa ya binti yake. Nilirudi nyumbani nikalia mpaka kichwa kikauma. Sikujua kama mwanangu anakula. Sikujua kama yuko hai.

Jumatatu jirani yetu akabisha hodi. Ni muuguzi wa zahanati, na kanisani ni mzee wa kanisa. Watoto wanamwita Mama Sindano, wakimwona wanakimbia.

"Yuko hai," akasema kabla hata ya kukaa. "Anakula. Analala mahali salama."

"Wapi? Nipeleke sasa hivi!"

"Sitakuambia mpaka yeye aniruhusu."

"Ala! Mimi ndiye mama yake! Wewe ni jirani wa namna gani?"

"Jirani anayetunza siri," akajibu. "Kazini natunza siri za mtaa mzima. Wewe ulipewa moja tu."

Lilinichoma, maana ni kweli. Nikavuta kigoda, nikamkaribisha.

Mume wangu alikuwa amesimama mlangoni, randa mkononi. "Tuambie basi," akasema. "Nani amemharibu? Ni ugonjwa? Hauna dawa?"

"Hauna dawa kwa sababu si ugonjwa," akasema Mama Sindano. "Nadunga sindano mwaka wa ishirini huu, na hii haina sindano. Haiambukizwi, wala mtu harogwi akawa nayo. Haitokani na malezi mabaya. Na mwanao hakukaa chini akaichagua, kama mtu anavyochagua kitambaa hapa kwa mkeo."

"Nimesikia kuna mhubiri mmoja anayewatoa watu pepo la mambo hayo. Anawafungisha siku saba, anawachapa kidogo."

"Kidogo!" Mama Sindano akasimama. "Waliotoka kwa watu kama huyo nimewapokea mimi. Mmoja alikuja na mbavu mbili zimevunjika. Hakuna aliyebadilika. Walichojifunza ni kuficha zaidi. Nisikilize vizuri, baba. Kijana anayekataliwa nyumbani ndiye ninayemwogopea. Wengine hujidhuru. Wengine hujiua. Si kwa sababu ya walivyo. Ni kwa sababu hawana mlango wa kubisha."

Mume wangu akakaa juu ya furushi la majoho, na vumbi lake lote. Siku nyingine ningempigia kelele.

"Na Mungu je?" akauliza, sauti imeshuka. "Neno lake tunalitupa wapi?"

"Twende kwa mchungaji mkamuulize. Mimi najua sindano, yeye anajua Maandiko."

Mchungaji alitupokea Jumanne ofisini kwake, chumba kidogo chenye viti vitatu vibovu. Mume wangu alikijaribu chake kwanza kwa mkono kabla ya kukikalia.

"Sitawadanganya," mchungaji akasema. "Kanisa letu linafundisha kwamba ndoa ni ya mwanamume na mwanamke, na asiye na ndoa ajizuie. Mimi nafundisha hivyo. Wapo Wakristo wengine, wanaompenda Mungu kama sisi, wanaosoma Maandiko hayo hayo na kusema kwamba watu wawili wa jinsia moja wanaopendana kwa uaminifu wasikataliwe. Tunabishana. Nadhani tutazeeka tukibishana."

"Sasa sisi tufuate nini?" nikauliza.

"Mwanenu ni mtu mzima. Yeye mwenyewe ana dhamiri, na anamwomba Mungu kuliko wengi ninaowajua. Muda wote wa kuzungumza naye upo. Lakini yapo mambo ambayo pande zote mbili hatubishani. Kijana huyu ameumbwa na Mungu. Kuvutiwa kwake si kosa alilolitenda. Kumpiga, kumtukana na kumfukuza ni dhambi. Sijasoma mahali popote kwamba mzazi amtupe mtoto wake ili Mungu afurahi."

"Na umbea?" akauliza Mama Sindano.

Mchungaji akacheka, ila bila furaha. "Umbea umekatazwa waziwazi. Lakini sijawahi kuona mtu akitolewa kwenye kwaya kwa umbea. Tungewatoa, tungebaki na nani wa kuimba?" Kisha akaniangalia. "Mama, karatasi ilikuwa yako, lakini kikapu ni changu. Nimeacha siri za watu zisomwe hadharani miaka yote, tukaita maombi. Nisamehe."

Tulipofika mlangoni kwetu mume wangu akamgeukia Mama Sindano.

"Mwambie arudi. Sijasema nimeelewa. Nimesema arudi."

"Na wewe, mama, nikuchukulie ujumbe gani?"

"Mwambie nimekosa," nikasema. "Usiweke 'lakini' mbele yake."

Kinanda alirudi Jumamosi. Amekonda shingo. Nilimpokea mfuko, nikamwomba msamaha kabla hajakaa.

"Bado nina hasira, mama."

"Uwe nayo, mwanangu. Ila ule kwanza, hasira na njaa ni mizigo miwili."

Akatabasamu kidogo. Akala.

Jumapili mchungaji alisimama mbele, akaeleza mambo mapya. Kikapu kimeondolewa. Kuna sanduku la mbao lenye kufuli, na mume wangu ndiye aliyelitengeneza. Karatasi zinasomwa na watu wawili tu, yeye na Mama Sindano, nao wameapa kutunza siri. Mtu aandike shida yake mwenyewe. Akitaka kuandika ya mwingine, amwombe ruhusa kwanza. Kisha akasema atakayemtukana kijana yeyote wa kanisa hili, mtaani au kwenye kwaya, aje ofisini wazungumze.

Sisemi mambo yote yamenyooka. Familia mbili zimehamia kanisa jingine. Wateja wangu watatu wamepata fundi mwingine, na huyo fundi hajui kukata kola, shauri yao. Mwalimu wa kwaya alikuja kuomba radhi. Kinanda alimshukuru, akasema kuhusu kinanda atafikiria. Kwa sasa anakaa nami benchi la mwisho. Redio zimeanza kurudi mezani kwake.

Na nyumbani kulikuwa na jambo moja. Baba yake alimsalimia, akampisha mezani, akamsogezea chumvi. Lakini alikuwa akimwita "huyo." Huyo amekula? Huyo amefunga mlango? Nilimwona Kinanda akilisikia kila mara.

Wiki ya tatu alikaa tena kwenye kigoda cha wateja, ananishikia kitambaa. Nikaona ni wakati wa kutumia nilichojifunza.

"Mwanangu, nataka kukuombea," nikasema. "Lakini safari hii nauliza kwanza. Nikuombee nini?"

Akanyoosha kwanza ncha ya kitambaa.

"Omba baba aniite kama zamani."

Ombi hilo sikuliandika kwenye kaki wala kwenye karatasi yoyote. Sikulitia hata kwenye sanduku lenye kufuli. Nililisema chini chini huku nashona, na mimi peke yangu ndiye niliyelijua, na Mungu.

Zilipita siku tisa. Alhamisi asubuhi randa ikanyamaza huko nyuma. Nikadhani ana njaa, nikainuka kwenda kuona chakula. Kinanda alikuwa anafunga viatu aende kazini.

"Fundi mwenzangu!" sauti ikaita kutoka karakana. "Hebu njoo unishikie huu ubao, mzito."

Kinanda akaenda na kiatu kimoja.