Utepe wa Béata

Maiti ya Siméon Munyaneza iliopolewa na wavuvi wa sambaza, wale dagaa wa ziwani, ikalazwa juu ya wavu wao ufukweni Gisenyi, viatu vikiwa bado miguuni na kofia ya ngozi ya urubani imemkaa kichwani sawasawa. Ukimtazama ungesema anajiandaa kuondoka. Watu walikuwa wamejaa hadi barabarani, maana Ijumaa ile ya Agosti 1999 mji mzima ulitoka kumwona mzee wa gereji akiruka kwa ndege ya kujitengenezea. Walikuja kushangilia, wakabaki wameshika vichwa.

Inspekta Valentin Karekezi alipiga goti kando ya maiti.

"Jeraha?" akamuuliza daktari.

"La paji la uso tu, alipojigonga. Kilichomuua ni maji. Mkanda wa kiti ulimng'ang'ania."

"Ndege ilipogonga maji alikuwa hai?"

"Alikuwa hai, Inspekta."

Inspekta akamgeukia mvuvi aliyefika wa kwanza.

"Uliona nini?"

"Iliruka muzuri, shefu. Ikazunguka mara mbili juu ya muji. Kisha ikakuya huku kwa ziwa, ikakohoa, ikanyamaza. Ikashuka pole pole, ikapiga maji."

"Moshi? Moto?"

"Hapana. Moteur ilinyamaza tu."

Basi kazi ilikuwa hiyo: kujua ni nini kilichoinyamazisha injini.

Na injini yenyewe haikuwa ya ndege. Siméon aliitoa kwenye gari la michezo la Kijapani lililokufa Goma. Ndani yake hamna pistoni hata moja. Kuna rota mbili za pembe tatu zinazozunguka. Ni nyepesi, ina nguvu kwelikweli, ila joto lake usiombe. Ukimtoa Siméon, aliyeijua pale mjini ni mtu mmoja tu: Straton, fundi umeme, aliyefunga kila waya wa ndege ile. Naye Straton alikuwa amekaa mchangani, kichwa mikononi, akilia.

Inspekta alimshika bega. Hawa wawili walikulia ukimbizini pamoja, Tanzania, upande wa Ngara. Walichangia dawati, wakachangia shati, na Valentin alipooa, msimamizi wake alikuwa Straton.

"Ndugu yangu, nisaidie," alimwambia. "Mimi mashine hii siielewi."

Straton alijifuta machozi, akaingia kazini. Mabaki yalikuwa yameshavutwa kwa kamba hadi nchi kavu. Alifungua boneti, akapitisha mkono nyuma ya injini, akatoka na koili, kile kidude kinachoipa plagi umeme wa kuwashia petroli. Ilikuwa imevimba, na lami nyeusi ilikuwa imeitoka mdomoni.

"Bandia," akasema. "Nilimwambia asinunue kwa Saidati. Koili ikifa, cheche hakuna. Cheche isipokuwepo, injini ni chuma tu."

"Una hakika?"

"Valentin, lini nimekudanganya?"

Hakuwahi. Jua lilipozama Saidati alikuwa mahabusu.

Saidati alikuwa mama wa makamo, muuza vipuri, anayevuka mpaka kutoka Goma kila siku na mzigo wake kichwani. Watu walishakipindua kibanda chake sokoni na kumwita muuaji. Mwendesha mashtaka alitaka faili Jumatatu, na baada ya hapo ni gerezani. Magereza ya wakati ule, aliyeingia hakujua hakimu atamwona lini.

"Koili ulimuuzia wewe?" Inspekta alimuuliza.

"Mi njo nilimuuzisha. Bobine ine, zote za ile voiture moja, gari ya ile moteur. Siméon alizitoa na mukono yake mwenyewe."

"Straton anasema ni bandia."

"Straton? Bon. Alikuwa pale pale. Alizipima, akasema ziko muzuri. Leo anasema ingine?"

"Kwa nini aseme uongo?"

"Afande, hiyo uulize yeye. Mi niko na batoto kule Goma, habajue niko wapi."

Inspekta alifunga faili. Aliguswa kidogo na habari ya watoto, lakini kumsadiki hakumsadiki. Upande mmoja palikuwa na mama asiyemjua, upande wa pili msimamizi wake wa ndoa. Angemwamini nani?

Jumamosi alipanda pikipiki ya kazi, akaenda Kanama kuchukua maelezo ya mjane. Kwenye mlima alikuta basi dogo limezima kando ya barabara, abiria wamekaa kwenye nyasi wanapiga soga. Dereva alikuwa amefungua boneti na kufunika koili kwa kitambaa kilicholowa maji.

"Imekufa?" Inspekta aliuliza.

"Hapana, afande. Imezidiwa na joto. Ikipoa tunaenda."

Kabla Inspekta hajamaliza kufuta vumbi kwenye miwani yake, basi liliwaka, abiria wakarudi ndani, safari ikaendelea. Alicheka peke yake, akasahau.

Béata, mjane wa Siméon, alikuwa amekaa mkekani katikati ya wanawake wa msiba. Walimpisha Inspekta, wakatoka uani.

"Pole sana, Mama Umutoni. Nisamehe kukusumbua kabla hata hatujazika."

"Uliza, Inspekta. Kulia nitalia tu, hata usiponiuliza."

"Mzee aliwahi kukutajia koili?"

"Ndizo alizokuwa akiziimba. Kila rota ina plagi mbili, alisema, na kila plagi ina koili yake. Nikimwambia naogopa, ananicheka. 'Béata, koili hii ikifa, mwenzake itanirudisha nyumbani.'"

Kalamu ya Inspekta ilisimama.

"Unasema koili moja ikifa, injini haizimi?"

"Inapungua nguvu, lakini inaenda. Alinionyesha hapo uani. Alichomoa waya wa koili moja na injini ikaendelea. Straton alikuwepo, walicheka wote wawili."

Straton alikuwepo. Inspekta aliandika maneno hayo polepole, kisha akayatazama kama si yeye aliyeyaandika.

"Basi mzee alikuwa anaogopa nini?"

"Joto. Zote nne alizipanga nyuma ya injini, karibu na bomba la moshi, hakuwa na nafasi nyingine. Ndiyo maana akatoboa pua ya ndege, akapitisha mpira wa kuleta upepo wa baridi hadi kwenye koili. Halafu nyigu wakaanza kujenga humo. Nikamshonea kizibo cha kitambaa, cha kuuziba mpira ndege inapolala, chenye utepe mwekundu mrefu wa kuning'inia nje, wasije wakasahau kukitoa."

"Nani alikuwa akikitoa?"

"Straton. Hiyo ilikuwa kazi yake." Béata alivuta kitenge chake begani. "Utepe ule ulikuwa na kazi nyingine pia. Ndege haikuwa na redio. Walipatana kwamba Straton akiupunga kutoka chini, Siméon atue mara moja."

Inspekta alirudi mjini mbio. Mabaki yalikuwa yamelindwa tangu jana. Alikwenda moja kwa moja puani mwa ndege, akauchana ule mpira kwa kisu. Kizibo kilikuwa ndani, kimesukumwa mbali kuliko kidole kingeweza kufika. Mkia wake mwekundu ulikuwa umebaki kipande kifupi tu, na mwisho wake ulikuwa umenyooka. Kitambaa kikichanika huacha nyuzi. Hiki kilikatwa kwa wembe.

Lo, Siméon wa watu. Alitazama pua ya ndege, hakuona utepe, akaamini njia ya upepo iko wazi.

Zilibaki koili tatu ambazo Straton hakuzigusa wala kuzitaja. Inspekta, akilikumbuka lile basi la mlimani, alizifungua, akampelekea Shema, fundi wa magari ya brigedi, kituo chao cha polisi, na wote wawili wakaenda kwa muuza brosheti aliye mbele ya lango. Shema aliziunga moja moja kwenye betri na plagi. Zikiwa baridi, kila moja ilitoa cheche nzuri ya buluu. Wakaziweka juu ya jiko la mkaa, kando ya mishikaki ya mbuzi. Cheche ikafifia, ikawa ya manjano, ikatoweka. Wakaziacha zipoe kwa upepo wa ziwa. Cheche ikarudi kwenye zote tatu.

"Hizi si bandia, afande," Shema alisema. "Hizi zilipikwa. Ile iliyovimba ndiyo iliyokuwa karibu zaidi na moto, basi."

Muuza brosheti alimkaribisha Inspekta mshikaki. Akaurudisha jikoni. Alikuwa akimwona Straton pale ufukweni, anapitisha mkono nyuma ya koili nne na kuchagua moja. Kumbe yale machozi, ule mkono, ile "Valentin, lini nimekudanganya", vyote vilikuwa vya kumzunguka yeye. Rafiki yake alimtumia kama koleo, akamtia mama wa watu ndani. Roho ilimuuma hadi akaona aibu mbele ya Shema.

Jumapili walizika. Straton alibeba jeneza, bega la mbele. Walipotoka makaburini Inspekta alimwomba waende brigedi mara moja, akakubali bila kuuliza. Alikaa kwenye kiti kabla ya kukaribishwa, kama siku zote, na koti lake jeusi la msiba.

"Saidati amekiri?" akauliza.

"Kizibo cha mpira wa upepo, siku ile ulikitoa?"

Straton alikaa wima kidogo. "Nilikitoa."

"Una hakika?"

"Naapa kwa Mungu."

"Ulikiweka wapi?"

"Sikumbuki. Kulikuwa na watu wengi. Naapa kwa kaburi la mama, Valentin, wewe ulilichimba pamoja nami."

Kuna kitu Inspekta alikikosa katika viapo vile, na sasa alijua ni nini. Huku, mtu akikupa ng'ombe, unaapa kwa jina lake, na kiapo hicho hakichezewi. Straton aliporudi kutoka ukimbizini mikono mitupu, Siméon alimpa ng'ombe. Tangu hapo aliapa kwa Siméon hata akibishania chumvi ya mboga. "Yampaye inka Siméon," yaani naapa kwa Siméon aliyenipa ng'ombe. Valentin aliisikia miaka yote hadi ikamchosha. Lakini tangu ndege ianguke hakuisikia hata mara moja.

"Apa kwa aliyekupa ng'ombe," alisema.

Straton alifumbua kinywa. Akakifumba.

"Ni maneno machache tu. Yampaye inka Siméon. Uyaseme, nikufungulie mlango uende nyumbani, na Saidati nimpeleke gerezani kesho."

"Usinifanyie hivyo."

"Sema, Straton."

Inspekta alitoa kizibo kwenye mfuko wa vielelezo, akakiweka mezani. Straton alikitazama. Kisha akatia mkono ndani ya koti lake la msiba, akatoa utepe mwekundu uliokunjwa vizuri, akauweka kando ya kizibo. Kingo mbili zilizokatwa kwa wembe zilikutana sawasawa.

"Ulikwenda nao mazishini?" Inspekta aliuliza.

"Sikujua pa kuutupa."

"Kwa nini, Straton? Mtu aliyekupa ng'ombe."

"Alikuja mtangazaji wa redio pale gereji. Mimi niko chini ya ndege, nafunga waya. Akamuuliza Siméon, nani alikusaidia? Akajibu, 'Nimeijenga peke yangu.' Peke yangu! Nimeota mvi kwenye injini ile, mikono yangu tazama ilivyoungua. Nikangoja ajirekebishe. Ijumaa asubuhi, mbele ya wageni, akamshukuru padri, akamshukuru mkubwa wa mji, burugumesitiri, akamshukuru hata aliyemuuzia petroli. Mimi nimesimama hapo karibu naye."

"Ukataka afe."

"Nilitaka aaibike. Nilipiga hesabu injini izime palepale uwanjani, wakati anaipasha moto. Watu wamcheke, halafu aite, 'Straton, njoo.' Jina langu tu, mbele yao. Lakini alikuwa na haraka kama mtoto. Akapaa."

"Halafu ukaja kunishikisha koili moja."

"Wewe ungeniamini. Nilijua."

Inspekta aliukunjua utepe juu ya meza.

"Alipopaa, utepe ulikuwa wapi?"

"Mfukoni."

"Na ulijua ukiupunga atatua."

"Alizunguka juu yetu, akanipungia mkono. Mimi, si burugumesitiri. Nikaushika utepe humu mfukoni. Nikasema moyoni, akizunguka tena, nautoa. Akazunguka tena. Akanipungia tena."

"Nawe?"

"Nilimpungia mkono mtupu."

Askari wa zamu aliitwa akaandika maelezo, Straton akatia sahihi, akafungwa pingu. Inspekta mwenyewe alichukua ufunguo wa mahabusu. Saidati alitoka akijifunga kitenge, akamsikiliza akiomba radhi hadi mwisho, wala hakuupokea mkono wake.

"We uliuliza rafiki yako," alisema. "Bobine haukuuliza." Akashika njia ya mpaka, kwa watoto wake.

Inspekta alirudi mezani, akakunja ule utepe, akautia kwenye mfuko wa vielelezo. Kisha akawasha pikipiki, akapanda Kanama kumweleza Béata ni nani aliyempungia mumewe mkono mtupu, utepe ukiwa mfukoni, naye mumewe akidhani anaagwa.