Mbweha Katika Bustani ya Karimu

Mwanvua na mumewe Karimu walitoka Bujumbura. Waliishi ughaibuni, mjini Anderlecht, ghorofa ya sita. Karibu na reli walikuwa na kipande kidogo cha bustani. Walipanda kabichi. Mwezi Mei 2013, sungura wa porini walikula miche arobaini kwa siku tatu.

Karimu alikasirika sana. "Nitawanasa wote! Utotoni kwetu Rumonge nilikuwa natega kanga."

"Hapa si Rumonge, Baba Naïma," Mwanvua alimwambia. "Uliza kwanza."

Karimu hakuuliza. Alichukua kamba ya nailoni, akafunga tanzi, akatega kwenye njia ya sungura.

Asubuhi hawakukuta sungura. Walikuta mbweha. Alikuwa amelala ubavu, kamba imemkaza tumboni. Alikuwa amechimbachimba udongo kwa makucha mpaka akachoka. Sasa alihema tu.

Karimu alitoa kisu ili amkatie kamba. Mwanvua akamshika mkono. "Usimguse, atakuuma! Umeshafanya ya kutosha!"

Alimpigia simu Berthe, jirani yao wa ghorofa ya pili. Berthe alikuwa Mkongo wa Kalemie. Alifanya kazi kwenye kituo cha kutibu wanyama wa porini.

Berthe alifika na glavu nene, blanketi na sanduku. Alimfunika mbweha kichwa, akakata kamba polepole. Ngozi ilikuwa imechanika, nyama inaonekana. Berthe akamgeukia Karimu.

"Papa, karibia uone. Ona maziwa. Huyu ni mama. Batoto yake beko ku shimo, banamungojea."

"Mimi nilitaka sungura," Karimu alisema.

"Kamba haina macho! Inakamata mbweha, inakamata paka ya muntu, inakamata mbwa. Na haiue mbio, inakata nyama saa na saa. Sheria ya hapa inakataza, donc wanaweza kukupeleka tribunal, mbele ya hakimu. Na zile sungura zako, nani alikuwa anazikula? Ni huyu!"

Karimu aliinamisha kichwa. Mwanvua hakumwonea huruma. "Nilikwambia uulize," alisema. "Ukakataa kwa sababu aliyesema ni mimi."

Karimu alimgeukia Berthe. Aliuliza kwa sauti ndogo, "Sasa kabichi nizilinde vipi, maman?"

"Weka wavu ya chuma, matundu madogo. Ipande mpaka kiuno. Chini uizike sentimetre trente, thelathini, sababu sungura anachimba. Bon, ni hiyo tu."

Mbweha alikufa kituoni kesho yake. Wenzake Berthe walitafuta kando ya reli, wakapata watoto watatu. Wote walikuwa hai, lakini wamedhoofika kwa njaa. Kituo kikawalea.

Jumamosi Karimu alinunua wavu, akachimba peke yake kutwa nzima. Mwanvua alipanda miche mipya. Sungura walikuja, wakazunguka nje, wakaondoka. Mwezi wa tisa walivuna kabichi kubwa, hakuna hata moja iliyotafunwa.

Siku hiyo Felician, Mtanzania wa bustani ya jirani, alikuja akilalamika. "Sungura wamenimaliza, bwana. Nitawategea."

Uso wa Karimu ulibadilika. "Hutatega kitu hapa," alisema kwa ukali. "Mimi niliua mama wa watoto watatu."

Akampa koleo mkononi, akavuka naye hadi kwenye bustani yake. Wakaanza kuchimba mtaro wa wavu.